Neno Ambalo Sikulisahihisha

Daftari langu la maneno lilikuwa na safu nne, na nilizipiga mistari kwa rula. Safu ya kwanza ilikuwa ya neno kama mama mkubwa alivyolitamka. Ya pili, neno hilohilo baada ya mimi kulisafisha. Ya tatu, maana yake. Ya nne, siku na mahali aliponipa neno hilo. Nilikuwa nimefanya kazi ya uandishi wa habari mkoani kwa miaka mingi, na kazi hiyo ilinifundisha kwamba jambo lisilo na siku wala mahali ni uvumi.

Kusafisha nieleze. Mama mkubwa, dada yake mama yangu, alikuwa Mmakua. Alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, akavuka akiwa msichana, na Kiswahili alikipata ukubwani. Ulimi wake haukuwa na nafasi ya b, wala d, wala g. Gari kwake lilikuwa kari. Dirisha lilikuwa tirisha. Baba alikuwa papa, na kwa kuwa kijiji chetu kilikuwa kwenye mlango wa mto, mahali ambapo watu wanamjua papa wa baharini na meno yake, watoto walikuwa wakimtania mumewe kwamba ameoa mwanamke anayemwona samaki. Baba mkubwa, Mmakonde mtaratibu asiyependa maneno mengi, alikuwa na jibu moja tu. "Miaka yote hii," alisema, "na bado sijamng'ata."

Mama yangu alifariki nikiwa sijaanza shule. Nililelewa na hao wawili mpaka nilipokwenda Mtwara mjini kusoma sekondari, na siku nilipofika huko nilikuwa nasema kama mama mkubwa. Mwalimu alinisimamisha nisome ukurasa mmoja kwa sauti. Sikumbuki ukurasa ulihusu nini. Nakumbuka darasa lilivyocheka nilipofika kwenye neno "bibi". Tangu siku hiyo nilijisafisha ulimi mwenyewe, kwa kutembea peke yangu ufukweni Shangani nikitaja bata, dada, gogo, godoro, mpaka b na d na g zikakubali kukaa kinywani mwangu. Kwa hiyo nilipoanza kuyaandika maneno yake ili watu wengine wayasome, nilijiwekea kanuni kwamba hakuna neno litakalotoka nje likiwa na lafudhi. Sikutaka mtu amcheke. Nilidhani namlinda.

Hata hapa, kwenye kurasa hizi, maneno yake mengi nayaandika yakiwa yamesafishwa. Pale nitakapoyaacha yalivyo, msomaji ataona, na ataona kwa nini.

Miaka ya tisini nilikuwa naandikia gazeti moja la Dar es Salaam. Habari za Mtwara zilikuwa chache na zilijirudia: barabara imekatika, meli haijafika, umeme haupo, korosho. Msimu mmoja wanunuzi hawakuja, na korosho za watu zikakaa majumbani mpaka zikaingia wadudu. Niliandika juu ya msimu ule mara nyingi, na kichwa cha habari kilikuwa kilekile kila mara kwa mpangilio tofauti: korosho zadoda, korosho zazidi kudoda, wakulima walia na korosho zilizododa. Neno doda lilikuwa linakaa vizuri kwenye kichwa cha habari kwa sababu ni fupi. Korosho za baba mkubwa zilikuwa miongoni mwa hizo, ingawa gazetini sikusema.

Halafu intaneti ikafika. Kwetu ilikuja katika duka moja nyuma ya soko, lenye kompyuta tatu na feni moja, la mama mmoja aliyekuwa akifuma vitambaa vya makochi wakati kurasa zikifunguka. Kurasa zilichukua muda mrefu kufunguka. Kwa hesabu yake mwenyewe, alikuwa akimaliza kitambaa cha kiti kimoja kwa kila mteja mwenye picha.

"Leo umetuletea nini, mwandishi?" alikuwa akiniuliza.

"Maneno ya wazee."

"Yapeleke hukohuko. Huko naona kuna watu hawana mashamba."

Hao wasio na mashamba walikuwa wanablogu wa Kiswahili. Hatukuwa wengi. Kila mmoja alikuwa na blogu yake, na kila mmoja alizisoma za wenzake zote na kuacha maoni, kwa sababu kupita bila kuacha maoni tulikuona sawa na kupita mlangoni kwa jirani bila kupiga hodi. Waliokuwa karibu nami zaidi ni watatu: muuguzi mmoja wa Tanga, mwalimu wa shule ya msingi huko Singida, na mwanafunzi aliyekuwa akisoma nchi ya baridi na ambaye nusu ya maandishi yake yalihusu vyakula asivyoweza kuvipata. Sikuwahi kuonana na hata mmoja wao. Muuguzi alinifundisha namna ya kuweka picha. Mwalimu alikuwa akichapa tungo za wanafunzi wake na kutuwekea, na sisi tulikuwa tukiwajibu watoto wale mmoja mmoja, naye anawasomea darasani majibu yetu. Mgao wa umeme ulipokuwa mkali kwetu, muuguzi aliifanya zamu yangu bila kuombwa, akaandika juu: leo Mtwara wako gizani, nawashonea mimi.

Zamu ilihusu kitu tulichokiita mkeka. Kila juma mmoja wetu alitandika neno moja. Wengine, kila mmoja kwenye blogu yake, walisuka ukili wao: hadithi fupi, shairi, kumbukumbu, hata picha, chochote kilichotokana na neno lile. Mwisho wa juma mwenye zamu alizishona kili zote pamoja, yaani aliweka viungo vya kila andiko kwenye ukurasa mmoja na maneno machache ya kumshukuru kila msukaji. Hakukuwa na zawadi. Nimefanya kazi nyingi maishani na hakuna hata moja niliyoingoja kama nilivyoingoja siku ya kushona.

Mimi nilijulikana kwa maneno ya mama mkubwa. Wenzangu walikuwa na miji, na vyuo, na theluji. Mimi nilikuwa na mwanamke mmoja anayeishi peke yake kwenye mlango wa Ruvuma, mumewe amekufa, watoto wake wawili wa kuzaa wakiwa ng'ambo walikoolewa, na kichwani mwake mna maneno ambayo hayamo kwenye kamusi. Nilianza na yale ya kweli kabisa, kama ming'oko, mizizi ya porini iliyowalisha watu wa kusini miaka ya njaa. Kisha akanipa neno la tope linaloshika mguu na kuubakiza wayo. Neno la kicheko cha mtu ambaye hakuelewa mzaha. Neno la harufu ya chumvi inayokaushwa kwenye majaruba. Siyaandiki hapa maneno yenyewe. Wakati ule niliyaandika yote, na wenzangu waliyasukia mikeka mizuri sana.

Siku moja nilimkuta anamenya muhogo uani. Nilikuwa nimekwenda kwa lori la mtu wa chumvi, na lori lilikuwa linarudi baada ya kupakia, kwa hiyo nilikaa kwenye kigoda nikiwa na daftari tayari.

"Hali, mama mkubwa?"

"Hali ndiyo hii. Mimi nimetota, mwanangu."

Nilifungua kalamu. "Umetota?"

"Nimetota."

"Kutota ni nini?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa maji ni nini. "Hujui kutota? Ni kukaa. Unakaa, unakaa, mpaka basi."

Safu ya kwanza niliandika kutota. Safu ya pili nilisita, kwa sababu hapo ndipo nilipokuwa nikirudisha b na d na g. Lakini nilikuwa na kamusi mkobani, nikaifungua palepale magotini, na neno lilikuwemo. Kutota: kuzama majini, kulowa chapachapa. Basi lilikuwa neno safi tayari, halihitaji mkono wangu. Kwenye safu ya maana niliandika: kuzeeka polepole, kama mtumbwi unaoingiza maji kidogo kidogo pasipo mtu kuona. Mtumbwi huo niliutia mimi. Yeye hakutaja mtumbwi. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikuona nimeongeza kitu, mimi ambaye nilikuwa nikiwagombeza waandishi wachanga kwa kosa hilo.

Lori likapiga honi. Alinifungia mihogo miwili kwenye gazeti.

Zamu yangu ilipofika nilitandika kutota. Haukuwahi kuwepo mkeka kama ule. Watu ambao hawakuwa wametusukia kwa miezi walirudi. Muuguzi aliandika juu ya mzee wa wodi yake, aliyekuwa akiomba kila asubuhi kitanda chake kisogezwe kidogo kuelekea dirishani, na jinsi siku moja aliacha kuomba. Mwanafunzi aliandika kwamba Kiswahili chake kinatota ndani yake, kwamba akiamka anatafuta neno la mwiko wa kusongea ugali na analikuta limeshuka chini zaidi ya jana. Mwalimu alileta shairi linaloanza:

Sikuzama kwa tufani, nimetota taratibu,
maji yaja kwa hisani, yaniingia karibu.

Wanafunzi wake walilikariri. Baada ya hapo neno likatoka kwenye mkeka na kuanza kutembea lenyewe. Kwenye maoni watu walianza kuulizana hali na kujibu, "Bado natota." Gazeti moja likalitaja kwenye safu ya lugha kama neno la kale la pwani ya kusini, lenye maana ya kuzeeka kwa utulivu. Nilikata kipande kile nikakibandika ndani ya jalada la daftari.

Sasa niseme habari ya safu ya nne, kwa sababu ndiyo ushahidi, na mimi mwenyewe niliuandika. Kabla ya blogu, nilikwenda kwa mama mkubwa karibu kila mwezi, na mara nyingi nililala. Siku hizo nyingi hazina neno lolote; nimeziandika tu kwa mazoea. Baada ya blogu, kila siku iliyoandikwa ina neno. Na nafasi kati ya siku na siku inapanuka, kwa sababu nilikuwa nakwenda pale tu maneno yalipokuwa yananiishia, na neno moja zuri lilinitosha kwa juma zima. Mwaka wa kutota nilikwenda mara tatu. Si kwamba nilikuwa na safari nyingine. Muda wangu uliishia Magomeni ya Mtwara, nyumbani kwangu, nikiandaa kili, na dukani kwa yule mama mwenye feni.

Mara ya tatu nilikwenda kumpelekea heshima yake. Nilikuwa nimechapisha mkeka mzima kwenye karatasi, kurasa nyingi, nikazitoboa na kuzifunga kwa uzi. Nilichukua sukari, majani ya chai na doti ya kanga. Nilimkuta barazani pamoja na shoga yake, mjane wa nyumba ya pili, ambaye walikuwa wakilima naye na kugombana naye tangu mimi nikiwa mtoto. Niliwaambia kwamba watu wa mbali, wengine kutoka ng'ambo ya bahari, wamemwandikia. Akajifunga kanga mpya kwa ajili hiyo, akakaa vizuri. Nikaanza kusoma.

Nilisoma kile cha muuguzi. Akatikisa kichwa kwa huruma ya mzee wa wodini. Nilisoma shairi. Akaniambia nirudie mwanzo wake. Nikarudia. Hapa nayaacha maneno yake kama alivyoyasema.

"Nani kazama?"

"Wewe, mama mkubwa. Ni mfano. Si ulisema umetota?"

"Nimetota, ntiyo. Kuzama nizame wapi? Mimi na mto wapi na wapi?"

Shoga yake alikuwa ameanza kucheka kwa ndani. "Basi mwanao kakutosa mtoni, shoga."

"Nyamaza wewe. Mwananku, nimetota kama korosho. Umesahau mwaka ule korosho za papa mkupwa wako zilivyotota? Makunia yamejaa chumpani, mpaka tunalala juu yake, wanunuzi hawaji. Kesho watakuja, kesho watakuja. Ntiyo mimi. Nakaa hapa, nasema leo atakuja mtu, mtu haji. Nimetota."

Doda. Alikuwa amesema nimedoda.

Nilikaa na karatasi zangu. Nilikuwa nimelisafisha kila neno lililowahi kutoka kinywani mwa mwanamke yule, nimemrudishia d zake zote, hata pale ambapo hazikuhitajika, na neno moja tu ndilo nililoliacha na t. Na lile moja lilikuwa lalamiko, na lalamiko lenyewe lilikuwa linanihusu mimi, na nilikuwa nimemuuliza maana yake, akanieleza kwa Kiswahili chepesi: unakaa, unakaa, mpaka basi. Nikaandika mtumbwi.

Kwa mtu wa kazi yangu, kosa moja hufungua mlango wa mengine. Nikamuuliza juu ya neno la tope.

Wakatazamana. Shoga yake akavuta mtandio mdomoni.

"Lile nilikupa tu," mama mkubwa alisema.

"Ulinipa tu vipi?"

"Ukija unauliza neno. Nikisema sina, unatazama kari. Nikisema ninalo, unakaa, unaantika, unauliza hili na lile, mpaka chakula kinaiva. Pasi nikawa nakupa."

"Uliyatunga?"

"Menkine. Menkine ya kweli kapisa."

"Yapi ya kweli?"

"Sikumpuki. Wewe si umeantika?"

"La tope tulitunga hapahapa," shoga yake alisema, maana sasa hakuweza kujizuia. "Yeye kaleta mwanzo, mimi nikaweka mwisho. Tulicheka siku mbili. La kicheko ni langu lote. Huyu alikuwa na lake baya, nikamwambia mwanao hatalitaka hilo."

Wazee wale wawili walikuwa na mkeka wao. Walikuwa wakitandika na kusuka barazani pale bila umeme wala kompyuta, na msomaji wao alikuwa mmoja, naye alikuwa akija mara tatu kwa mwaka. Leo naliona hivyo. Siku ile niliona daftari tu, safu nne kwa kurasa themanini, na sikujua tena hata neno moja ndani yake ambalo ningeweza kuapa juu yake.

Gari nililokuja nalo likapiga honi. Nikasimama, na wote wawili wakaniona nikisimama.

"Utakuja lini?" aliuliza.

"Wiki ijayo. Nikishasahihisha."

"Haya," alisema. "Sahihisha."

Nilisahihisha. Hilo siwezi kulaumiwa kwamba sikulifanya. Nilipitia daftari neno kwa neno kwa penseli nyekundu, nikiweka alama ya kuuliza kwa kila neno ambalo sikulisikia pia kwa mtu mwingine, na zilipoisha kurasa, maneno yasiyo na alama yalikuwa machache kuliko vidole vyangu. Wiki ijayo ikapita, na nyingine. Niliandika andiko refu la kuwaeleza wenzangu makosa yangu yote kwa mpangilio: lafudhi, kanuni yangu ya kusafisha, kamusi magotini, mtumbwi, wazee wawili na maneno yao ya kutunga. Niliandika vizuri. Nafikiri ndilo andiko langu bora, na hilo nalo linanitia aibu.

Wenzangu walinipokea kwa wema. Muuguzi aliandika: "Usihuzunike, dada. Neno likishatoka mdomoni ni la watu." Mwanafunzi aliandika kwamba amekwisha kumpelekea mama yake barua yenye neno lile, na mama yake alilia, na sasa hawezi kumpigia simu kumwambia kwamba zilikuwa korosho. Tulicheka sana kwenye maoni. Mwalimu alisema shairi limeshakaririwa na darasa zima na wengine wamelipeleka nyumbani, kwa hiyo kutota libaki, ila juma lijalo atatandika kudoda, kwa heshima ya bibi. Akalitandika. Zikaja kili tano au sita, nzuri, ila hazikushinda zile za mwanzo. Watu walikuwa wanalipenda zaidi lile la kuzama.

Chini kabisa ya andiko langu, mtu ambaye hatukumjua, asiye na blogu wala jina, aliacha maoni ya mstari mmoja: "Na huyo bibi, umeshakwenda kumwona?"

Nilimjibu kila mtu siku ile. Yeye sikumjibu.

Mvua zikaanza. Barabara ya kule ilikatika kwenye bonde, na kwa siku kadhaa hakuna gari lililopita. Kwa haki ya habari lazima niseme pia kwamba ilifunguliwa, kwamba lori la chumvi lilirudi kupita, na kwamba dereva wake alinikuta sokoni akaniuliza kama nina safari. Nilimwambia bado. Nilikuwa naandaa faharasa ya maneno ya kweli.

Ujumbe ulikuja kwa simu ya mtu aliyepanda kichuguu kutafuta mtandao, na ulikuwa umechelewa. Nilifika kesho yake mchana. Mama mkubwa alikuwa amezikwa jana yake baada ya adhuhuri, kama inavyopasa, na barazani watu walikuwa wanajiandaa kwa kisomo cha siku ya tatu. Watoto wake wa ng'ambo hawakuwa wamefika. Mto ulikuwa umejaa. Nilisalimiana na watu. Walinipa pole kama mtoto wa marehemu, na nikazipokea.

Shoga yake alikuwa jikoni, anasonga ugali wa muhogo. Hakuacha kusonga nilipoingia.

"Aliugua lini?" niliuliza.

"Kuugua hakuugua. Alichoka. Alilala juzi mchana, nikasema nimwache apumzike."

Nikakaa kwenye kigoda kilekile.

"Kuna neno alikuwekea," alisema. "Alisema ukija nisikupe mpaka ule kwanza."

"Neno gani, mama?"

Alisimamisha mwiko. Akatazama moshi. "Nimelisahau," alisema. "Lilikuwa zuri. Tulicheka sana, hilo nalikumbuka." Akanipakulia sahani, ugali na kisamvu, akaiweka mbele yangu. "Kula. Labda litanijia."

Nilikula. Nilimwambia lori linarudi jioni, halafu nikamwambia halirudi. Nilikaa siku tatu katika nyumba ile, zaidi ya nilivyokaa kwa pamoja katika miaka miwili iliyotangulia. Nilifagia uwanja, nikaanika makopa ya muhogo aliyokuwa amemenya mwenyewe. Kila nilipokutana na yule shoga yake alitikisa kichwa kabla sijauliza.

Mkeka wetu nao haukudumu. Watu walihamia kwenye mitandao mingine yenye kasi, ambako huhitaji kusuka chochote, na yule mama wa nyuma ya soko aliziuza kompyuta akaweka vyombo vya plastiki. Neno la siri la blogu yangu nimelisahau na anwani ya barua pepe niliyoifungulia haipo tena, kwa hiyo siwezi kufuta wala kuongeza. Andiko la masahihisho sijaliona likinukuliwa popote. Kutota nakutana nalo mara kwa mara. Mwaka mmoja nililisikia redioni, kwenye salamu za rambirambi.

Siku yangu ya tatu katika nyumba ile, kabla ya kuondoka, nilitoa daftari. Mkono ulifanya kazi wenyewe, kwa mazoea. Niliijaza safu ya nne, siku na mahali. Tatu za mwanzo ziko wazi mpaka leo.